Pindo la Joho

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, karibu na dirisha la duka, mchana huu ambao wateja wameamua kuniacha nipumue. Kifua kinaendeleaje? Na macho je, bado unamwambia daktari yanaona vizuri huku unamwamkia mwenye nyumba ukidhani ni shangazi? Nimesikia yote, shangazi hana siri. Sisi huku ni wazima. Cherehani ya zamani inakohoa kukushinda wewe, lakini inashona.

Habari kubwa umeshaipata redioni: jiji limepata meya mwanamke. Ni yule mkunga wa zahanati ya nyuma ya soko, mfupi, mwembamba, aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa wetu. Madiwani nao wamebadilika. Yumo mama anayefagia barabara, yumo na fundi viatu anayetembelea kiti cha magurudumu. Tulizoea baraza la wazee wa suti waliofanana kama vifungo vya shati moja. Sasa ukiingia ukumbini unawakuta watu unaopishana nao njiani kila siku, na mimi nakiri nilifurahi mpaka nikamrudishia mteja suruali ya mwenzake.

Katibu wa jiji aliniletea joho la meya siku tisa kabla ya kiapo. Nililifungua mezani nikaligeuza ndani nje. Miaka thelathini na minne, na rangi haijapauka. Ulimshonea meya wa kwanza, lile pande la mtu, na ndani ukaacha pindo la inchi tano ili akija mrefu zaidi lishushwe. Uliwaza mbali, baba. Ila ulimuwaza mrefu tu. Wa kupunguziwa hukumuwaza, na sikulaumu, maana hakuna aliyemuwaza.

Katibu si mtu mbaya, ni mtu wa utaratibu. Aliniambia nisilitie mkasi hata kidogo. Nipige bandi tu, ile mishono mikubwa ya kushikiza inayofumuka kwa kuvutwa mara moja, kwa kuwa joho ni mali ya jiji na baada ya miaka mitano mambo yatarudi kuwa ya kawaida. Nikamuuliza kawaida ni ipi. Akasema nisimchoshe, yeye katumwa. Nikaitikia ndiyo mzee, maana kazi ya jiji ndiyo iliyotusomesha, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi nikapiga bandi. Pindo likawa nene kama godoro, mabega yakasimama yenyewe. Nikalipeleka ukumbini ili mkunga alijaribu. Pale mlangoni nikakuta ngazi zimewekewa mbao ili kiti cha fundi viatu kiweze kupanda. Hazikupigiliwa hata msumari mmoja, nilipozikanyaga zilicheza. Nikaomba choo, nikaelekezwa kwenye mlango ulioandikwa kwa rangi ya mafuta “Madiwani Wanaume”, na chini yake wamebandika kikaratasi: “na Wanawake”. Kona moja ilikuwa imeshaanza kubanduka. Nilicheka peke yangu mle ndani, halafu kicheko kikanikauka.

Mkunga akavaa joho, akajaribu kunyanyua mkono wa kulia kama atakavyofanya akiapa. Mkono ukapotelea ndani, zikabaki ncha za vidole. Akanyoosha zaidi, bega likapanda mpaka sikioni na bandi tatu zikakatika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye akacheka, akaniambia nisihangaike, kwamba tangu aajiriwe amevaa makoti ya madaktari waliomzidi kimo, na hili nalo atalikunja mikono. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Mtu amechaguliwa na jiji zima, bado anajiona kaazima nguo.

Sasa baba, kaa vizuri. Katibu nilimwambia nimerudia kushikiza. Nilimdanganya. Nililikata. Nilifumua mabega yako, yale uliyoyashona kwa mkono wiki mbili nzima, nikachora kwa chaki, nikachukua mkasi wako mkubwa, ule uliomwachia kaka na kaka akaenda zake kuendesha malori. Nikakata mabega, nikakata mikono, nikakata na lile pindo lote. Hakuna cha kushusha tena.

Kipande cha kwanza tu ndicho nilichokipima mara mbili. Mimi ulinifundisha vifungo na pindo, ukasema kukata ni kazi ya kaka. Lakini nilikuwa nakaa chini ya meza ile ile, na macho hayana pazia. Najua kukata tangu nina miaka kumi na miwili. Sikukuambia kwa sababu nakupenda, na kwa sababu niliogopa utacheka.

Siku ya kiapo mkono wake ulitoka wote, ukumbi mzima ukauona. Nililia, yule mama mfagiaji akanipa leso yake bila kuuliza kitu.

Nakuandikia haya kwa kuwa mwezi ujao katibu atakualika kwenye sherehe ya baraza, wewe uliyelishona joho. Nakujua: utaligeuza ndani kabla hujamsalimia mtu. Naye ameanza kunitazama kwa jicho la pembeni, atakuuliza kama linaweza kurudi lilivyokuwa. Ukimwambia kweli, kazi ya jiji itaondoka dukani, kazi uliyoitunza tangu sijazaliwa. Sikuombi useme uongo, hukunilea hivyo. Nimetaka tu ulisikie kwangu kwanza. Ninalokuomba ni moja: kabla hujamjibu, mwambie mama meya anyanyue mkono wa kulia, ulitazame bega. Kisha mwambie katibu mbele yangu kama ile ni kazi ya fundi au si kazi ya fundi. Utakalosema nitalipokea.

Nisalimie shangazi na umwambie hili asilitangaze, ingawa najua nampa mbuzi ulinzi wa majani. Kunywa dawa zako. Chumba chako nimekwisha kukifagia.

Ni mimi binti yako,
hapa dukani.