Vipaumbele vya Nchi na Sufuria ya Mama

Mpendwa mdogo wangu,

Jana tulikusikia redioni. Nchi yetu itaongoza jukwaa la uchumi la mataifa, na wewe, mtoto wa mama yetu, ndiye uliyechaguliwa kusoma vipaumbele vya mwenyeji. Cha kwanza, usalama wa chakula. Ulikisoma kwa sauti nzito, kama padri wa sikukuu. Nilicheka mpaka majirani wa hema la pili wakaniuliza kuna nini. Chakula! Wewe!

Unakumbuka siku mlima ulipopasuka ukamwaga moto? Tulikuwa tumepanga mjini, mtaa wa Mabanga, ndiyo kwanza umeanza shule. Watu walikimbia na magodoro na cherehani. Mama aliacha hata sufuria, akabeba kichwani mfuko wa mbegu za maharagi alizopewa na bibi, za shamba letu la Rutshuru. Njiani ulilia njaa hadi sauti ikakukauka. Nilimsihi mama tuazime sufuria, tuchemshe konzi moja tu. Akasema, "Mbegu haikuliwi. Mwenye kula mbegu, huyo hatarudi kwao." Ulilala na njaa mgongoni mwangu, na msimu uliofuata tulirudi shambani, ukala maharagi mapya hadi tumbo likakuuma.

Waasi walipokuja mara ya kwanza, tulitoka na mbegu. Walipokuja tena, hali kadhalika. Bendera za barabarani zilibadilika, wakubwa walibadilika, mbegu za mama zilikuwa zilezile. Ndizo alizofika nazo hapa kambini Kanyaruchinya, kazifunga kwenye kitenge, akingoja barabara itulie arudi kwake.

Kisha ukapiga simu: "Mama, nakuja na wageni." Hukusema zaidi. Mji mkuu umekusahaulisha kwamba kwetu neno hilo ni amri, mgeni hatoki na mdomo mkavu. Chakula cha msaada kilikuwa kimekwisha, majirani walikuwa wakichemsha majani. Nikamwona mama anafungua kitenge. Nilimshika mkono, nikamwambia wageni wako ni watu wa hoteli, hawatagusa. Aliutoa mkono wangu polepole.

"Mutoto wangu analeta wageni wa inchi," alisema. "Watoke kwangu na njaa?"

Alizipika zote, kwa sababu hakujua mtakuwa wangapi.

Mkaja na magari ya vioo vyeusi. Uliwaeleza kwa Kifaransa habari za uvumilivu wa wakimbizi, mkono umeuweka begani kwa mama, wala hukuwaambia kwamba huyo ndiye aliyekuzaa. Bwana mmoja alimpiga picha mama na sufuria yake. Mama alipoanza kupakua, uliniinamia sikioni, mimi dada yako mkubwa, ukasema, "Yaya, protokole haikubali wakule hapa." Haya, wao wana protokole. Wewe je? Kijiko kimoja tu mbele ya mama kingekuchafulia suti? Ulitazama saa, ukaingia garini. Watoto wa kambi ndio waliokula, Mungu awabariki, wakailamba sufuria.

Nakudharau, mdogo wangu. Nimetafuta neno la upole zaidi, nimelikosa. Eti hakuna atakayeachwa nyuma, na vumbi la magari yenu bado tunalikung'uta kwenye mablanketi! Eti kipaumbele cha pili ni barabara, nawe ya kwenu hujui hata kama inapitika. Mwana msomi, kichwa kimejaa karatasi na moyo mtupu. Mama alikusikiliza redioni hadi mwisho, akaniuliza tu kama nimesikia sauti yako imekwaruza, asije akawa mutoto anaumwa. Nikamjibu kwamba hata kama unaumwa, daktari unaye.

Mvua imeanza. Barabara ya Rutshuru imetulia kidogo, na watu wa kilima chetu wameondoka juzi, kila mmoja na mbegu zake. Mama aliwasindikiza hadi njia kuu, akarudi akakaa kitandani bila kuvua viatu. Mimi nilikwenda soko la Mabanga, nikamletea maharagi mazuri, mekundu, ili naye aende akapande.

Aliyapapasa, akaniuliza yametoka shamba gani. Sikujua.

Akayaosha, akabandika sufuria, akayapika yote.

Ukae salama katika viti vyako laini,

Yaya wako, binti wa yule mwanamke wa kwenye picha