Kila Alhamisi Nilimtuma Maji

Wamaza, tarehe 9 Machi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na nyumba yote. Mguu wako je, unakuruhusu sasa kufika shambani? Na ile mihogo iliyokuwa ikioza, mliokoa ya kutosha? Huku tuko wazima, ni mvua tu inayoharibu njia. Barua hii anakuletea mdogo wangu Falonne. Macho yako nayajua, kwa hiyo mwache aketi akusomee kama zamani. Nimeifunga kwa gundi, hajui kilichomo.

Kwenye simu ulikataa kumpokea. Ulisema abaki huku huku na hiyo mimba yake, kwamba msichana wa miaka kumi na minane anayelala nyumba moja na mwalimu wa mambo hayo hawezi kusema hakujua. Mimi nikakuaga, nikakata simu. Kule kukata simu kunanila mpaka leo.

Kazi yangu unaijua. Alhamisi vijana walioacha masomo wanakusanyika uani kwangu, wasichana wanaouza mandazi na vijana wanaoosha dhahabu. Ninawaeleza siku za mwezi zinavyohesabiwa, mimba inavyoingia, mpira wa kapote unavyovaliwa, sindano ya kupanga uzazi inapatikana wapi. Wamenipa jina, Madame Bila-Haya, nami ninacheka nao.

Sasa nisikilize, Mama, nimezunguka vya kutosha. Falonne hakusikia hata somo moja. Kila Alhamisi, nikishawasalimia tu watu, nilimpa bidoni nikamtuma maji, na chemchemi iko mbali. Akirudi mapema, nilimtuma chumvi. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni, maneno yale ningeyatamka vipi mbele yake? Kwa watoto wa wengine mdomo wangu ulikuwa mwepesi.

Siku moja akitwanga majani ya sombe aliniuliza, Yaya, dada yangu, ni kweli msichana hashiki mimba mara ya kwanza? Nilimwambia aangalie mchi wake asijiponde vidole. Basi akaenda na yale aliyoambiwa na wenzake.

Mama, kosa ni langu. Kama kuna wa kufungiwa mlango, nifungie mimi. Yeye mpe kitanda chake cha zamani, na mwezi ukigeuka mpeleke akapimwe. Karatasi yake ya kliniki iko kwenye mfuko.

Falonne, najua ni sauti yako inayosoma hapa. Hata haya nimeshindwa kukuambia usoni. Nimekutuma tena, safari hii na maneno yangu mkononi, na kuyasema nimekuachia wewe. Jibu nililokunyima ni hili: anashika, hata mara ya kwanza. Nisamehe, mdogo wangu.

Nisalimieni mama Victorine na majirani wote. Mkiweza kunipigia, nipigieni mkiwa pamoja.

Ni mimi mtoto wako, na yaya yako,
Ernestine