Mkate Uwe Mwekundu

Leicester, 2 Februari 1996

Mama mpenzi,
Asalaam aleikum. Naibusu mikono yako. Vipi magoti? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Saumu za huku ni fupi, ila futari ni ya upweke. Jana nimetamani mkate wa kumimina hata machozi yakanitoka. Nimeupika kwa maikrowevu, lile jiko la umeme lisilo na moto. Umeumuka vizuri, dakika sita umeiva, lakini juu mweupe pe. Nifanyeje upate rangi?
Mwanao, Mahfudha

Kibokoni, Mombasa, 17 Februari 1996

Mwanangu,
Waaleikum salaam. Magoti yaniuma, mdomo mzima. Mkate hauivi kwa moto wa chini peke yake. Funika, palia makaa juu ya kifuniko mpaka uwe mwekundu. Kama huko hakuna makaa, waulize wenyeji wao hufanyaje. Kila magharibi nakukatia kipande chako, kisha nampa jirani, Bi Ummukulthum. Amenenepa kwa ajili yako.
Mamako

Leicester, 3 Machi 1996

Mama,
Naibusu mikono. Idd njema, ijapokuwa imepita. Usinicheke. Nilikwenda dukani nikamwambia muuzaji, kwa Kizungu changu, nataka kitu cha kuufanya mkate uwe mwekundu. Akanipa kichupa cha rangi. Umetoka kama ubuyu. Kumbe wekundu wetu wa jikoni wao wana neno lake jingine. Nimecheka peke yangu humu chumbani, kisha nikalia, nikaula vivyo hivyo. Nakukumbuka mno, mama.
Mwanao, Mahfudha

Kibokoni, 16 Machi 1996

Mwanangu,
Salamu nyingi. Nimecheka hata Bi Ummukulthum akaja kutazama kuna nini. Alipokwenda zake nikaisoma barua tena. Mwaka jana uliniandikia kwamba kwa mumeo Fahmi pana jiko kubwa la gesi, la oveni. Oveni ina moto wa juu. Mahfudha, siku hizi unapikia wapi?
Mamako

Leicester, 28 Julai 1996

Mama,
Asalaam aleikum. Unisamehe kimya changu. Nimeandika barua nne nikazichana. Fahmi ameniacha tangu Desemba. Nimepanga chumba, na jiko ni hilo moja. Nataka kurudi nyumbani, sina nitakalo jingine. Lakini harusi yangu ilijaza mtaa. Nitapitaje mbele ya baraza zile na sanduku mkononi?
Mwanao

Kibokoni, 9 Agosti 1996

Mwanangu Mahfudha,
Waaleikum salaam. Mimi mzima. Kuna jambo hujalijua, wala sikukuficha. Humu ndani halijapata kuhesabiwa kuwa jambo. Kabla ya marehemu babako niliolewa Lamu. Nikaachwa. Nikarudi Ijumaa mchana, watu ndio wanatoka msikitini, mtaa mzima wanitazama. Bibi yako alikuja mpaka njiani akanipokea sanduku. Hakuuliza la mume wala la talaka. Aliniambia, "Umekula?"

Nami sitakuuliza zaidi ya hilo. Niandikie siku tu, nije uwanja wa ndege.
Mamako