Nimelipenda au Nimelipinda

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo umezoea.

Lile daftari lako jekundu halipo tena juu ya kabati, kando ya Msahafu. Tangu tukuzike, kaka Hamisi alikuwa hataki mtu aliguse bila udhu. Umeandika kwa herufi za Kiarabu, basi sote tukaamini ni dua. Mimi nikalichukua. Nikaingia madrasa pale Kiseke, mtu mzima, fundi mwenye cherehani yangu, nikakaa mkekani na watoto wa miaka saba. Walinicheka, Mama! Miezi minne sikukosa hata siku moja.

Dua gani? Kiswahili kitupu! Vipimo vya wateja, na umbea wako. "Huyu anataka kiuno ambacho hana." Nilicheka mpaka nikalia. Na miaka yote hiyo ofisini walikupaka wino kidole gumba, eti hujui kuandika.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa Idd ile niliyokushonea gauni la kitenge cha kijani, la kwanza kushona peke yangu. Ulilishika, ukaligeuza, ukasema, "Haya." Basi. Nimeishi na hiyo "haya" yako miaka kumi na moja.

Umeandika: "Gauni la Zaina nimelipenda." Au "nimelipinda." Kwa herufi zako, e na i ni kisra ileile, kakistari kamoja chini ya herufi. Hata mwalimu alishindwa. Ama ulilipenda, ama pindo langu lilikutia aibu ukalifumua na kulipinda upya, kama ulivyofumua kazi ya kila fundi wa mji huu.

Kaka alipanga nguo zako zigawiwe Ijumaa. Alhamisi nikaenda kwake Buswelu, nikamwambia sitoki hapa bila lile gauni. Akasema nina kichwa kigumu kama chako. Nikalichukua, nikaligeuza pale pale mlangoni penye mwanga.

Pindo ni langu, Mama. Limekwenda upande, tena kwa uzi mweusi, maana wa kijani uliniishia. Hukugusa hata tundu moja la sindano. Idd zote zile ulilivaa hivyo hivyo, mbele za watu, wewe, nami kwa aibu sikuthubutu kulitazama pindo!

Ungesema tu, Mama. Ungesema.

Haya, pumzika. Daftari lina kurasa tupu, nitazijaza mimi kwa herufi zako, na binti yangu nitamfundisha kuzisoma. Na lile pindo, wallahi, hakuna mkono utakaolinyoosha.

Mwanao,
Zaina