Herufi U Iliyozidi Mlangoni

Ofisi ya Makarani,
Jumba la Maonyesho,
Alhamisi, 14 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Mgongo wa Baba Mdogo umepoa, au bado anaamka ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni? Na mapacha, wameacha kugombania kitanda kimoja? Sisi huku tu wazima. Mama naye ni mzima, ila jino la mbele linamsumbua, na hilo jino nitalirudia, maana nalo limo katika habari zangu. Mimi afya ninayo. Lakini jina la Wasiwasi ulilonipa utotoni bado linanienea, wala halijapwaya.

Niwie radhi kwa mwandiko. Naandika saa ya mapumziko, na kila mlango unapolia naifunika karatasi kwa faili.

Nilikuarifu kwamba nimepata kazi ya ukarani hapa. Muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi, na Mkuu wetu hajasema kama atanibakiza. Si mtu wa kugomba. Anakutazama tu juu ya miwani mpaka unaanza kukumbuka makosa ambayo hukuyafanya. Safari hii, lakini, kosa nimelifanya.

Tumepokea kazi ya sanaa ya mama mmoja tunayemwita Bi Nyuzi. Si picha ya kutundika ukutani. Ametundika kamba za pamba darini, ukumbi mzima, nene kama kidole gumba, ncha zikigusa sakafu. Ukiingia ni kama umeingia katikati ya mvua iliyosimama. Kazi yenyewe haijaisha, na anayeimalizia ni yule anayeingia. Kila mgeni anatakiwa ashike kamba, afunge fundo moja kwa ajili ya mtu wake aliye mbali. Mafundo yakizidi, kamba inafupika na ncha inapanda. Bi Nyuzi alitaka siku ya mwisho ncha zote ziwe juu ya vichwa vya watu. Sehemu kubwa ya kamba hizo alizianza yeye na wanafunzi wake, mafundo tele, ili wageni wasiingie mahali pakavu.

Mlinzi wetu, ambaye jina lake la kazini ni Usiguse, jambo hili lilimtesa. Miaka yote kazi yake imekuwa kupiga kelele kwa neno hilo moja.

"Leo waguse?" alimwuliza Bi Nyuzi.

"Waguse, wavute, wakumbatie wakitaka."

"Na wakiharibu?"

"Hawataharibu."

"Mama, wewe huwajui watu," akasema, akasimama mikono nyuma, midomo ikimcheza kama mtu aliyekatazwa kupiga chafya.

Bi Nyuzi alinitamkia maneno ya bango, mimi nikayaandika kichwani, naye akaondoka kwenda kutazama ukumbi mwingine. Nikakaa kwenye kompyuta. Ndipo komeo la mlango wa nyuma lilipojiangukia lenyewe, Usiguse akabaki nje juani. Akaanza kugonga: "Fungua! We karani, fungua! Fungua bwana, nakaangwa huku!" Nikainuka, nikamfungulia, nikarudi, nikamaliza kuchapa, nikabandika. Nililisoma lile bango tena na tena, kama ninavyosoma kila kitu. Lakini jicho husoma lilichokusudia, si kilichoandikwa. Badala ya "Funga fundo kwa ajili ya mtu aliye mbali nawe", bango lilisema "Fungua".

Watu wakafungua. Ukumbi ulijaa, tena ulitulia ajabu. Fundi viatu mmoja alishindana na fundo lake mpaka tukamwomba kwa heshima aende akale kwanza. Mimi nilipita pembeni nikifurahi kimoyomoyo kwamba kazi inakwenda vizuri.

Siku moja nikasahau funguo nyumbani, Mama akaniletea. Alisimama mbele ya bango akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama asomavyo maelezo ya dawa.

"Nani kaandika hili?"

"Mimi, Mama."

Akanitazama sana.

Mama Mdogo, unajua kwamba tangu msiba wa Bibi hajakutaja. Kwake wewe ni "yule". Nayakumbuka maneno yale ya mlangoni, yeye akisema kwamba wewe ulikuwa ukituma salamu wakati yeye anageuza godoro la mgonjwa, na wewe ukijibu kwamba hutakanyaga tena kizingiti chake. Sitafuti aliyekosa, maana si kazi ya mtoto kuamua kesi ya mama zake. Nasema tu kwamba nyumbani kwetu neno fundo halijawahi kuwa la kamba.

Alichagua kamba ya pembeni. Fundo lilikuwa limekazwa hasa, kucha zikashindwa. Akainama, akaling'ata. Mama, ambaye hata karanga hatafuni mbele ya wageni, aling'ata kamba katikati ya ukumbi! Usiguse akafungua mdomo, akakumbuka amri, akaufumba. Fundo lilipoachia, Mama alifuta midomo, akanikabidhi funguo.

"Haya, umenishinda," akasema. "Ila ungeweza kuniambia tu nyumbani."

Sikuelewa. Jioni tulipokuwa tukiosha vyombo ndipo alipouliza, bila kunitazama, "Hivi mdogo wangu bado halali mpaka taa iwake?" Mdogo wangu! Nilikuwa na sahani mkononi, nikaogopa kuiweka chini isije ikalia.

Furaha hiyo sikukaa nayo. Jana Bi Nyuzi amerudi, akazikuta kamba zake zimelala sakafuni kama utumbo.

"Nani kaifungua kazi yangu?"

"Mama, si nilikwambia huwajui watu?" akasema Usiguse.

Mkuu akatoka ofisini. Alilitazama bango juu ya miwani, kisha akanitazama mimi. Bora angenipigia kelele. Bi Nyuzi ndiye aliyelisoma hadi mwisho, akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. Nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba watu waliipenda vilevile. Hakutaka kusikia. "Kufunga ni kumkumbuka mtu," alisema. "Ukifungua, umemwacha aende zake." Ningembishia kwa lipi, na u yangu imesimama pale mlangoni inanicheka?

Mkuu ameagiza bango sahihi liwe mlangoni kesho asubuhi, halafu nimwone.

Bango hilo ninalo hapa chini ya faili. Lakini Jumamosi Mama anakuja na wenzake wa kikundi cha ushonaji, awaonyeshe, kwa maneno yake mwenyewe, "kile mwanangu alichoniandikia". Atafika na wenzake wote na kukuta "Funga fundo". Atajua kwamba alichokitii kilikuwa kosa la karani. Je, hatajiona amechezewa? Hatakuwa tena na mdogo wake, atakuwa na "yule". Mkuu namwogopa, lakini hili nalihofia zaidi. Nimewaza kujifanya mgonjwa. Nimewaza kuliacha bango la zamani hadi Jumamosi ipite, kisha nikawaza mwisho wa mwezi. Nikikaa, kiti kinaniunguza, na nikisimama sijui nielekee wapi. Nimwambie leo, au nimwache aje ajionee?

Mlango unalia. Nitaendelea.

Ijumaa

Nimemwambia. Jana jioni nilimfuata uani alipokuwa akikamua nguo, nikasimama karibu na mlango, kwa tahadhari.

"Mama, lile bango nilikosea. Ilikuwa funga."

"Funga nini?"

"Funga fundo. U ilizidi."

Akaendelea kukamua. "Kwa hiyo hukuwa unanisema mimi?"

"Hapana, Mama."

"Wala hukuwa unamtaja yu..." Akakatiza hapo. Nguo ile aliikamua mpaka haikutoa tena hata tone, naye akaendelea kuipinda. Hatimaye akaitupa kwenye beseni.

"Sikia. Jino hili linacheza. Nimelilegeza kwa ajili ya mdogo wangu, mbele ya mlinzi, mbele ya watu nisiowajua. Sasa nifunge tena kwa sababu ya u? Siku nikitaka kufungua, nitang'ata kwa nini? Kwa fizi?"

Nikacheka.

"Usicheke, mtoto wewe. Kalamu ni kazi yako, si ndiyo? Mwandikie. Mwambie jino linaniuma kwa sababu yake, aje alione."

Hivyo ndivyo alivyosema, Mama Mdogo. Nimeyapitia maneno yake polepole kwa ncha ya kalamu, na safari hii sijazidisha hata herufi.

Jumamosi bado anakuja na wenzake. Anasema atawaonyesha pengo pale u ilipokuwa.

Bango sahihi nimelibandika asubuhi, na tayari fundo la kwanza limefungwa. Usiguse ndiye aliyelifunga, akitazama huku na huku kama mwizi. Mimi nasubiri kuitwa na Mkuu. Nasikia kiti chake kikisogea, kisha kinanyamaza, kisha kinasogea tena. Sijui nitatoka humo na kazi au na kikombe changu mkononi. Niombee.

Barua hii utaipata kwa mkono wa Bi Nyuzi, maana ukumbi aliokwenda kuutazama uko mjini kwenu, na kazi yake itahamia huko mwezi ujao. Bado amenikasirikia. Alipokubali kuibeba aliniuliza tu kama anuani nimeikagua.

Msalimie Baba Mdogo, mwambie asiinue vitu vizito. Wasalimie mapacha, na bibi yao wa upande wa baba kama bado yuko nanyi. Mama anakusalimu, na hii si salamu niliyoitunga mimi kwa adabu kama zile za barua zangu za nyuma. Mungu awafunike nyote, awape usingizi mwema, taa iwake au izimike.

Siku utakapopita kwenye ukumbi huo utakuta mlangoni pameandikwa "Funga". Ni sahihi kabisa, nimelikagua mwenyewe. Lakini wewe, Mama Mdogo, nakuomba ulisome kwa kosa langu.

Wako akupendaye, ingawa miguu haitulii,

Wasiwasi