Raiti

Shambani, Kitale

Kaka yangu Simiyu,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani Bungoma. Mama anaendeleaje na mguu? Mimi mwili ni mzima, ila sina uso wa kutazama watu.

Meneja wetu mpya hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Juma lililopita dereva wa trekta aliugua, basi meneja akashika usukani mwenyewe arudishe trela la mahindi nyuma mpaka ghalani. Mimi nikasimama nyuma kumwongoza. Akauliza, "Raiti?" Wewe unajua sisi wapakiaji tukisema raiti, maana yake ni sawa, endelea. Nikajibu, "Raiti, raiti." Kumbe alikuwa anauliza kama akate kulia. Akakata, trela likabomoa ukuta wa nyumba ya bawabu, Mzee Masinde. Bahati mzee alikuwa ameenda kuteka maji.

Siku iliyofuata meneja akaniita mbele ya wote. Akaninyooshea kidole, akasema Kizungu kingi, na ndani yake nikasikia raiti. Nikajua nimekwisha. Kabla karani hajafungua mdomo kuwatafsiria wenzangu, nilikuwa nimepiga magoti: "Sori, bwana. Sori sana."

Meneja akanitazama kama mtu aliyegundua jambo. Akaagiza niujenge ukuta huo mwenyewe kila jioni, na nisiongoze trela tena.

Baadaye karani akanieleza, huku akizuia kicheko. Meneja alikuwa amesema sikukosa, yeye ndiye hakutazama nyuma. Ati kwa Kizungu mtu asiye na kosa naye yuko raiti. Nimeomba msamaha wa kosa ambalo meneja mwenyewe alishalibeba, naye akadhani nimekiri.

Sasa hilo ndilo jina langu. Nikikaa kula ugali, wenzangu wanasema, "Raiti, songa kidogo. Hapana bana, kulia." Mzee Masinde analala chumbani kwangu wala hanilaumu, na hiyo inaniuma zaidi.

Karani anataka kumweleza meneja ukweli, kwamba sikuelewa Kizungu chake. Nimemzuia. Kaka, wewe ndiwe uliyeniombea kazi hii, ukamwapia nyapara kwamba ndugu yako anajua Kizungu. Karani akisema, mimi nitakuwa safi na wewe utaitwa mwongo. Aseme ama anyamaze? Mpaka unijibu, nakanda udongo na kufunga mdomo.

Msalimie Mama, na shemeji, mke wako. Mke wangu Nekesa akiuliza habari zangu, mwambie huku nimejifunza kujenga.

Ni mimi mdogo wako ninayengoja neno lako,
Wanyonyi