Kona Nyeusi

Alhamisi, 9 Oktoba 2008
Nimepata kazi! Yaani Mama ndiye aliyenijibia, mimi niliangalia viatu vyangu tu. Muzee Laurent, jirani yetu hapa Keshero, Goma, aliendesha treni Kindu–Kabalo maisha yake yote. Sasa yuko peke yake, na treni aliyoiunda kwa mikebe ya sardini inazunguka meza kubwa katika chumba chake cha pili. Nyuma ya meza amepigilia mbao tatu nyembamba za triplex. Nyeupe kabisa. Anataka nichore nchi ya kwao: pori, mto, vilima. Sasa hivi, anasema, abiria wake wanaona ukuta tu.
Tangu nimalize shule, hakuna aliyeniomba kitu zaidi ya kuchota maji.

Jumanne, 14 Oktoba
Aibu! Leo Muzee amevaa miwani, akasogelea mbao. Halafu: «Weye mutoto, nani amenichomea pori?»
Ardhi yote nilikuwa nimeipaka nyeusi. Sikufikiri hata kidogo. Tangu kuzaliwa nakanyaga mawe ya volkano — nilidhani ardhi ni nyeusi tu! Amecheka mpaka akakohoa. Kwao udongo ni mwekundu kama tofali. Na mbona, akauliza, kilima kinawaka kwa juu? Hiyo pia ni Goma, volkano yetu. Nitaifuta.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nyekundu inapendeza. Muzee anasukuma treni kwa kidole, anataja stesheni kwa sauti ya kazi, honi anaipiga kwa mdomo. Leo alisimama mbele ya mti wangu mmoja. Hapo, akasema, ndipo mke wake alipokuwa akiuza mihogo. Hapo ndipo walipojuana.
Ule mti niliubuni. Sikumwambia.
Imebaki kona moja ya ubao wa tatu, bado nyeusi. Nitaimaliza wiki ijayo.

Jumanne, 28 Oktoba
Wanasema Rutshuru imeanguka mikononi mwa waasi. Barabara imejaa watu, magodoro kichwani, mbuzi. Mama anapiga simu kwa Tantine Micheline, mdogo wake wa kule. Haipiti. Sikuchora.

Jumatano, 29 Oktoba
Tantine amefika! Kwa miguu. Kichanga mgongoni, mtoto wake mkubwa, Alliance, mkononi. Alliance ana miaka mitano, na tangu wafike hasemi neno. Kwetu hakuna pa kulaza hata paka, kwa hiyo Muzee amefungua chumba cha treni. Lakini sakafu ni mawe na saruji mbovu, baridi inapanda hadi magotini, na godoro hakuna. Muzee akatazama mbao: zingetosha kulaliwa. Kisha akanitazama mimi.
«Ni mukono yako ilichora. Sema weye.»
Kitu changu cha kwanza! Alliance akakohoa.
Nikachukua nyundo, nikang'oa misumari mwenyewe. Tantine alitaka upande wa picha uelekee sakafuni, isiharibike. Muzee akakataa: mutoto alale juu ya kitu kizuri.

Alhamisi, 30 Oktoba
Risasi. Hatukutoka.

Jumapili, 2 Novemba
Kimya leo. Nimepeleka uji. Picha imechubuka — mto una alama za visigino. Nilijifanya sioni.
Alliance alitambaa juu ya mbao, akapita pori jekundu, akapita mto, akaenda kukaa kwenye ile kona nyeusi. Akaipapasa.
«Hapa ni kwetu.»
Amesema! Tantine aliziba mdomo kwa kitenge. Kisha Alliance akauliza nyumba iko wapi. Muzee, haraka haraka, akasema basi lazima reli ifike Rutshuru, yeye anaanza kesho.
«Muzee, kwetu hata moto ya magurudumu mawili inakwama kwa matope, sembuse treni!» Tantine alicheka. Mara ya kwanza tangu afike.
Nilikimbia kuleta brashi. Nikauliza — mimi, kwa sauti — bati lilikuwa rangi gani. Kijani. Na mlango? Tantine alikaza fundo la kitenge.
«Uchore umefungwa. Niliufunga mimi.»
Kijani kiko tayari kwenye mkebe. Lakini Alliance amelala usingizi palepale kwenye kona, shavu juu ya mahali pa nyumba. Hakuna anayetaka kumwamsha. Muzee amesimamisha treni. Rangi inakauka, naongeza maji, nakoroga, nangoja aamke.